Difyusheni ya MRI na uvimbe wa kwenye ini
Dada unauliza kama ile picha ya difyusheni kwenye MRI ya mama inaweza kusema uvimbe wa ini ni kansa au sio bila kukatwa kipande kidogo cha nyama ya ini kikapimwe (biopsi). Inasaidia sana ila peke yake haitoshi. Inachopima ni maji yanavyotembea ndani ya tishu, kwenye kansa nyingi seli zimebanana kama abiria wa daladala jioni maji hayana pa kupita, kwa hiyo pale panabaki peupe kwenye b 800 (picha iliyopigwa kwa nguvu kubwa ya difyusheni) halafu kwenye ramani ya ADC, yaani kipimo cha maji yanatembea kiasi gani, panakuwa peusi. Sisti (kifuko cha maji) na hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu usio kansa) nazo zinaweza kung'aa ila ADC yao iko juu, ndo maana usikubali kusomewa picha moja tu, uliza ADC imesemaje. Madaktari wengi wanaweka mpaka wa ADC kwenye 1.4 hadi 1.6 × 10⁻³ mm²/s, chini ya hapo wanashtuka.

Sasa shida ni kwamba jipu la ini nalo linakuwa jeusi kwenye ADC sababu usaha ni mzito, adenoma na FNH, uvimbe wa seli za ini zenyewe ambao sio kansa, zinaweza kuangukia humo humo, na kansa iliyooza katikati ADC inaweza kupanda. Lazima isomwe pamoja na picha za kontrasti (dawa inayochomwa mshipani ili uvimbe uonekane vizuri), AFP (kipimo cha damu cha kansa ya ini) na vipimo vya homa ya ini B na C. Kama mama hakupigwa kontrasti mrudie daktari muulize kwa nini, na akiwa na homa na maumivu ubavu wa kulia msisubiri jamani, mpelekeni leo.