Poda za Kihindi kwa mgonjwa wa sukari: yaliyomkuta mama yangu

Mkuu, umeuliza kama mama yako mwenye sukari na presha aanze poda za Kihindi alizoletewa na jirani: ashwagandha na sarpagandha, ambazo ni mizizi iliyosagwa, pamoja na uwatu. Nimesoma Pune, India, 2009 hadi 2013, na dawa hizi nimeishi nazo nyumba moja, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi, sote tukimwita Kaku, yaani shangazi. Uani kwake palikuwa na mtulasi, mmea wa jamii ya mrehani, umepandwa kwenye kijukwaa cha matofali. Kila asubuhi akishaoga aliumwagilia na kuuombea. Mvua za kule huanza Juni, na mwaka ule wa kwanza zilinipiga kikohozi cha wiki tatu. Kaku hakunichumia jani lolote. Alinipeleka kwa vaidya, tabibu wa Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi) mwenye shahada, maana kule huisomea chuoni zaidi ya miaka mitano. Alinishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi, akauliza nalala saa ngapi, choo kikoje, usiku nakula nini. Maswali nusu saa nzima, ndipo akataja mmea: adulsa, kichaka chenye maua meupe na majani machungu kwelikweli. Maji ya majani yake kwa asali, siku saba. Kifua kilifunguka. Baadaye nikajua kwamba kemikali ya majani hayo, vasisini, ndiyo iliyowaongoza wanasayansi hadi bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi iliyomo kwenye maduka ya dawa. Tangu hapo mtu akiniambia mitishamba ni imani tupu, simwelewi.

Na kwa sababu najua zinafanya kazi, naziogopa.

2012 nilirudi likizo na mfuko wa uwatu na kopo la ashwagandha kwa mama yangu, aliyekuwa anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Asubuhi alikunywa maji ya uwatu uliolowekwa usiku kucha, jioni kijiko cha ashwagandha. Siku ya tisa, alfajiri, tulimkuta ametota jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha sukari kilisoma 2.6 mmol/L, chini mno. Bahati alikuwa bado anameza. Tukampa maji ya sukari, tukakimbilia hospitali. Daktari aliuliza kitu ambacho mimi sikukiuliza kabla ya kumkabidhi lile kopo: anatumia dawa gani nyingine? Uwatu unashusha sukari, ashwagandha nayo inaweza kushusha, na kidonge kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Vyote vitatu vilimkuta mama mmoja. Kosa lilikuwa langu na linaniuma hadi leo.

Kwa mama yako, kinachonitisha zaidi ni sarpagandha. Mzizi huo unashusha presha kweli: Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha matokeo ya wagonjwa wake mwaka 1949, na 1952 wanakemia wakatoa humo reserpini, kemikali inayoshusha presha. Reserpini hiyo hiyo inaweza kumtia mtu huzuni nzito. Kuiongeza juu ya vidonge vya presha anavyotumia, hapana. Usimpe kabisa.

Halafu poda ikishasagwa, kwa macho huwezi kujua kilichomo. Watafiti wa Boston mwaka 2004 walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua madukani, na 14 zilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hutiwa madini kwa makusudi, nayo huitwa bhasma. Ukiona neno hilo kwenye kopo, usinunue.

Uwatu kidogo wa kwenye mchuzi, manjano, tangawizi, aendelee navyo kama chakula. Poda azisimamishe kwanza. Chukua makopo yenyewe pamoja na vidonge vyake vyote, nenda naye kliniki, daktari asome lebo moja moja. Vidonge asiviache. Na kama ameshaanza kuzinywa, mpime sukari leo hii. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, mpe maji ya sukari hapo hapo kabla hamjatoka nyumbani.