"Kabla ya upasuaji ilikuwa ngapi?"

Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Ana miaka 71, ana presha ya siku nyingi na sukari juu yake. Sisi watoto tulihangaika na bima, na damu ya akiba, na nani atalala naye wodini. Moyo wake hakuna aliyeutaja.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya pili akaanza kukataa uji. "Nimechoka tu, mwanangu." Kifua kinauma? Hapana. Daktari wa zamu, kijana makini, akaagiza troponini. Jibu likarudi liko juu. Akauliza: "Kabla ya upasuaji ilikuwa ngapi?" Tukapekua faili karatasi kwa karatasi. Haikupimwa.

Troponini ni protini ya msuli wa moyo. Msuli ukiumia, inavujia kwenye damu. Lakini mwenye figo dhaifu au moyo uliochoka anaweza kuwa nayo juu hata akiwa kwake anakula mihogo. Bila namba ya kwanza, hujui jeraha ni la jana au la mwaka juzi. Ikabidi mama atolewe damu tena baada ya saa kadhaa. Imepanda. Jeraha lilikuwa bichi.

Usingoje kifua kiume. Majeraha haya mengi hutokea ndani ya siku mbili za mwanzo baada ya upasuaji, wakati dawa za maumivu zinamfunika mgonjwa. Utafiti uitwao VISION ulifuatilia watu zaidi ya 15,000 waliopasuliwa, wa miaka 45 na kuendelea, na wengi wa walioumia moyo hawakuhisi chochote.

Kuna na BNP, homoni ambayo moyo huitoa ukielemewa. Mwongozo wa Kanada wa 2017 unataka ipimwe kabla kwa wenye miaka 65 na zaidi, na hata walio chini ya hapo wenye ugonjwa wa moyo. Ikifika 92 (au 300 kwa NT-proBNP, kipimo ndugu cha BNP), troponini ipimwe kila siku kwa saa 48 hadi 72 baada ya upasuaji.

Kwa hiyo mtafute daktari wa usingizi, umuulize yeye kuhusu vipimo hivi kabla ya upasuaji. Mpasuaji, kwa uzoefu wangu, anawaza mfupa. Uliza pia bei mapema, maana si kila maabara ina vipimo hivi. Ila nyonga iliyovunjika isicheleweshwe siku kadhaa eti mnasubiri jibu. Damu ichukuliwe, kazi iendelee.

Mwezi uliopita mjomba alipasuliwa tezi dume. Troponini yake niliiandika kwa peni nyekundu juu ya jalada la faili, kabla hawajamvisha gauni.