Kura za Florida kuhusu kujilinda kwa bunduki

Je, sheria ya Florida ya kujilinda kwa bunduki ni kazi ya Warepublican peke yao? Hapana, sheria hiyo ya 2005, ile inayomruhusu mtu ajilinde hata kwa kuua bila kulazimika kukimbia kwanza, haikupitishwa na Warepublican peke yao. Seneti ya jimbo ilipiga 39 kwa 0, Wademocrat wakiwemo. Upinzani ulijitokeza kwenye Baraza la Wawakilishi tu: 94 kwa 20. Gavana Jeb Bush akasaini Aprili mwaka huohuo.

Mgawanyiko unaouona leo umekuja baadaye. Sheria ya 2023 ya kubeba silaha iliyofichwa bila kibali ilipita Seneti 27 kwa 13 na Baraza 76 kwa 32, karibu kila mbunge akipiga kura kufuata chama chake. Lakini katikati hapo kuna 2018, baada ya wanafunzi na wafanyakazi 17 kuuawa shuleni katika mji wa Parkland, Florida: bunge lililoshikwa na Warepublican lilipandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21. Seneti 20 kwa 18! Hapo Warepublican wenyewe walivunjika vipande, na kuna Wademocrat waliokataa kwa sababu muswada uliruhusu baadhi ya wafanyakazi wa shule kuwa na silaha.

Ukitaka kujua mbunge fulani alipigaje, fungua muswada wenyewe kwenye tovuti ya bunge la jimbo, majina yote yapo na ndiyo au hapana mbele yake. Ila soma kura ya mwisho ya ukumbini, ile ya wabunge wote, kwa sababu kura ya kamati mara nyingi ni ya muswada kabla haujarekebishwa.