Kuhusu misimu ya Dallas kwenye DVD
Ndugu, umeuliza kwa nini seti ya kwanza ya DVD za Dallas imeandikwa msimu wa kwanza na wa pili kwa pamoja, na kama muuzaji hakukupunja. Hukupunjwa. Tamthilia hiyo ya J.R. na Bobby, ndugu wanaogombea kampuni ya mafuta ya baba yao, ilianza Aprili 1978 kwa vipindi 5 tu, ambavyo kwenye DVD vinahesabiwa kuwa msimu kamili, ndiyo maana vimeunganishwa na vipindi 24 vilivyofuata.

Diski za seti hiyo zimerekodiwa pande zote mbili, na maandishi yamebanwa kwenye duara dogo katikati. Zishike ukingoni, kwa sababu hazina mgongo wa kuwekea kidole.

Ukinunua msimu wa tatu, nunua na wa nne papo hapo. Wa tatu unaishia J.R. akipigwa risasi ofisini usiku, na mpigaji hajulikani mpaka kipindi cha nne cha msimu unaofuata. Watazamaji wa Marekani walisubiri kuanzia Machi hadi Novemba 1980. Wewe huna sababu ya kuteseka hivyo.