Bega linauma, daktari anataka kupima tumbo

Dada, umeuliza kwa nini daktari amemwandikia mama ekografia (picha ya ultrasound) ya tumbo wakati yeye analalamika bega la kuume, na kama si njia ya kuwala pesa. Mimi niko hapa Bukavu, Kadutu, na bega kama hilo lilinitesa mpaka nikatolewa kifuko cha nyongo kilichojaa mawe. Mpelekeni akapimwe.

Viungo vya ndani vina mishipa michache ya fahamu kuliko ngozi, tena mishipa hiyo inaingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ile ya ngozi na misuli. Ubongo umezoea kupokea habari za ngozi kila siku, za nyongo ni mara chache. Zikifika kwa njia moja, unadhani ni bega. Kifuko cha nyongo kikiwaka husumbua kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni, palepale zinapoingia habari za bega. Ndivyo moyo unavyouma kwenye mkono wa kushoto au taya, na kidole tumbo kuanzia kitovuni kabla ya maumivu kushuka kuume.

Langu halikuzidi kuuma nikiinua mkono wala nikibonyezwa. Nilikandwa, nikapakwa mafuta ya moto, wapi! Lakini nikila sombe, yaani majani ya muhogo, yenye mawese mengi jioni, usiku linakamata, linabana saa nzima na zaidi, jasho, kichefuchefu, na hofu ya kufa. Mafuta ndiyo yanayokiamrisha kifuko kijikamue, na jiwe limeziba mlango. Majirani walisema karuho, yaani nimelishwa sumu. Hofu ile nayo inatoka ubongoni: habari za tumbo hupita kwenye insula, sehemu ya ndani ya ubongo, na sehemu jirani zinazohusika na hisia na mapigo ya moyo. Kwa hiyo mama akishindwa kuonyesha kwa kidole panapouma, akapitisha kiganja kizima, tafadhali msiseme anajidekeza.

Mwambieni daktari maumivu yanakuja saa ngapi, yanadumu muda gani, alikula nini kabla, na kama bega linabadilika akilisogeza. Hayo yanamsaidia kuliko kuonyeshwa mahali tu. Macho yakiwa ya manjano, au homa ikipanda na kutetemeka, mwende hospitali usiku huohuo. Kifua kikibana na jasho la baridi, vilevile.