Kuweka na kuhifadhi tempo kwenye pedali ya MIDI

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kwa nini tempo (kasi ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika) unayoigonga kwa mguu kwenye pedali yako ya MIDI (lugha ya ishara ambayo vifaa vya muziki hutumia kuwasiliana) hupotea kila unapobadilisha wimbo, ilhali wakati wa mazoezi ilikuwa sawa kabisa. Mimi hupiga gitaa la solo katika bendi ya benga hapa Kisumu, na tatizo hilo limenisumbua karibu mwaka mzima.

Kwenye pedali kama yangu, kugonga tempo na kuihifadhi ni mambo mawili tofauti. Unapogonga, pedali hupima muda kati ya pigo moja la mguu na jingine, hupata wastani, kisha huutumia kwa wakati huo tu. Nafasi ya kumbukumbu, yaani mahali pedali inapohifadhi mipangilio ya wimbo, hubaki na namba yake ya zamani hadi ubonyeze kitufe cha kuhifadhi na kukishikilia mpaka taa imetamete. Nililijua hilo kwa uchungu katika harusi moja huko Ahero. Tulikuwa tumegonga 132 na watu walikuwa wameshaingia uwanjani, umeme ukakatika kwa muda mfupi, na uliporudi pedali ikaamka na 120 iliyokuwa imehifadhiwa tangu ilipotoka dukani. Mashine ya ngoma ikaitii, nasi tukalazimika kusimamisha wimbo mbele ya wazazi wa bwana harusi.

Inafaa pia uelewe kinachopita ndani ya waya. Saa ya MIDI haitumi namba ya tempo. Hutuma ishara 24 kwa kila nota robo (kwa kawaida pigo moja), na kifaa kinachopokea ndicho kinachokadiria mwendo kutokana na muda kati ya ishara hizo. Kwa tempo ya 120, ishara moja huja takriban kila milisekunde 20.8. Ndiyo maana dilei, kifaa cha kurudia sauti kama mwangwi, inaweza kuyumba kidogo mara tu unapobadilisha nafasi, kisha ikatulia. Kwa sababu hiyohiyo usiruhusu vifaa viwili viongoze kwa pamoja: mashine ya ngoma, kinanda na dilei vyote viwekwe vifuate saa ya nje, na pedali peke yake ndiyo itume. Kifaa kilichoachwa kwenye saa yake ya ndani hakitaisikiliza pedali hata ukigonga usiku kucha.

Kuhusu namba yenyewe, mimi huitafuta kwa mwimbaji, wala si kwenye rekodi. Humwomba aimbe ubeti mzima bila ala, nami nagonga angalau mara nane, kwa kuwa kugonga mara mbili au tatu tu hubeba haraka ya mguu wangu. Ikisoma 127 mara ya kwanza na 129 mara ya pili, naandika 128 kwa kitufe cha namba, nahifadhi, halafu nazima pedali na kuiwasha tena kabla ya kuamini. Kwa dilei isiyo na MIDI, gawanya 60,000 kwa tempo: 128 hukupa milisekunde 469 kwa pigo moja.

Benga ina jambo lake, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu kulitatua. Waimbaji wanaponyamaza na magitaa kubaki yakijibizana, wimbo hupanda kasi, na kuulazimisha ubaki kwenye tempo ya ubeti ni kuua raha ya wachezaji. Kwa hiyo kila wimbo naupa nafasi mbili zinazofuatana, kwa mfano 126 ya kuimba na 132 ya magitaa, na nimeiamuru pedali isubiri mwanzo wa baa (fungu la mapigo) kabla ya kuhama. Kama yako haina mpangilio huo, bonyeza kwenye pigo la kwanza lenyewe, na uufanyie mguu mazoezi kama unavyovifanyia vidole vya gitaa.

Iwapo taa yako haimetameti hata ukishikilia kitufe, angalia kwenye menyu kama kumbukumbu imefungwa, kwa maana baadhi ya pedali huwa na kinga hiyo, kisha unieleze umeona nini.