Muulize Fundi: Mtungi wa gesi na punda wa chuma

SWALI: Asalaam aleikum Mzee Fundi. Kila tukienda kwa kaka yangu Uingereza, watoto hawataki kwingine ila bustani moja yenye garimoshi dogo la mvuke. Reli zake zimeachana pungufu ya shubiri! Mama mkwe, mzaliwa wa Lamu, ndiye wa kwanza kwenye foleni. Hukaa mguu huku, mguu huku, buibui kalikusanya magotini, na husema huyu ni punda wa chuma. Nina mawili. Mbona likizunguka mara tatu dereva husimama kana kwamba amechoka? Na mume wangu amenunua mtungi mkuukuu wa gesi, ataka mchomeleaji wa hapa Maweni amuundie lake. Nimwachie? — Mama Zuhura, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. La mtungi kwanza, maana hilo halingoji. Usimwachie. Hata kabla ya kuwa boila, yaani chungu cha kuchemshia maji yawe mvuke, mabaki ya gesi humo ndani yangoja cheche moja tu ya kuchomelea.

Tuseme hiyo imemwepuka. Boila ndogo za namna hiyo hufanya kazi kwa presha ya ratili 80 hadi 100 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo ni kama 30. Na cha kuogopa zaidi si mvuke, ni maji. Yamepita nyuzi 160, yamebaki maji kwa kuwa tu yamebanwa. Mshono ukiachia, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na maji yakiwa mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Huko Uingereza boila mpya hujazwa maji baridi na kupigwa pampu hadi mara mbili ya presha yake ya kazi kabla haijaonja moto. Mchomeleaji wa mageti atakupimia nini?

Sasa dereva wako. Hachoki yule, anapika. Ule mlio wa chu-chu si mbwembwe: ni mvuke uliokwisha kusukuma pistoni, unatolewa kwa nguvu kupitia bomba la moshi, na ukitoka huvuta hewa ipite kwenye makaa. Gari likienda, moto unapumua. Likisimama, moto unazubaa, ndipo dereva hufungua kijimvuke kingine kiende bombani kuuchochea. Juu ya hayo ana abiria wa kuvuta, na kila akiingiza maji baridi presha hushuka. Kwa hiyo husimama, hutia makaa kwa sepetu isiyozidi upawa wa wali, na jicho haliondoki kwenye kioo cha maji, kinachoonyesha maji ya boila yamefika wapi. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma hulainika, na hapo hakuna mchezo tena. Nilipokuwa mwanagenzi wa karakana ya reli, kioo hicho ndicho nilichofundishwa kabla ya spana.

Reli hizo za pungufu ya shubiri ni inchi 7 na robo, kipimo kilichozoeleka sana huko. Ya zamani ya Mombasa ni mita nzima. Wapelekeni watoto Makumbusho ya Reli, Nairobi, wakalione garimoshi la mvuke liitwalo Mount Gelai, nambari 5918, lililoundwa Manchester, zaidi ya tani 250. Hilo lilichoma mafuta mazito, si makaa. Treni ya kuwafikisha haina mvuke, lakini watavumilia.

Mume akitaka la kuunda, aunde kitoroli cha mota na betri, reli za vyuma bapa, uani. Honi aweke anayoitaka.

Na mama mkwe asikae kiti cha mbele na buibui jipya. Punda huyo hutema cheche.